Kama Hawajamaliza, Walimleta Kufanya Nini?

Vuta kiti. Leo nina swali nililoazima kwa mama mmoja, na nimekaa nalo miaka mingi bila kulirudisha.

Tulikuwa kwenye benchi la nje la mahakama moja ya wilaya, mimi na daftari langu la mwandishi wa habari, yeye na kapu lenye chupa ya uji. Mwanawe alikuwa mahabusu kwa mwezi wa tano. Karandinga likaingia, vijana wakashushwa wakiwa wameshikana viuno, wakaingizwa ndani. Haikupita hata robo saa. Wakili wa Serikali akasimama: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine ya kutajwa." Hakimu akainamisha kichwa, akaandika, akataja tarehe ya wiki mbili mbele. Vijana wakatolewa, karandinga likawasha moto. Uji ulikuwa bado una mvuke.

Mama akanigeukia. "Mwanangu, wewe naona unaandika andika hapo, bila shaka unajua. Hivi kama hawajamaliza kupeleleza, walimleta huku kufanya nini?"

Nikamjibu, "Mama, ndivyo sheria ilivyo." Hilo ni jibu la mtu asiyejua. Akanitazama kidogo, akafunga kapu lake kwa khanga, akaenda kutafuta daladala.

Leo, msikilizaji, nataka nijaribu kumjibu vizuri zaidi. Kwa sababu ndani ya swali lake kuna jambo ambalo wengi wetu hatulioni. Tunapoizungumza kesi, tunamzungumza hakimu: kamfunga, kamwachia, kamwonea. Lakini kabla hakimu hajasikia neno lolote, kuna mtu mwingine amekaa mezani na jalada, na ameamua mambo matatu. Kwanza, huyu ashtakiwe au asishtakiwe. Pili, ashtakiwe kwa kosa gani. Tatu, ashtakiwe lini. Hapa kwetu, uamuzi wa mtu huyo mara nyingine unauma kuliko hukumu yenyewe.

Huyo ni nani? Kwa Tanzania Bara mamlaka hayo yote yamewekwa mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka, tunayezoea kumwita DPP. Zanzibar wana wao. DPP yumo kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 59B, iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 2005. Mwaka 2008 ikaja Sheria ya Huduma za Mashtaka ya Taifa, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikatenganishwa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ikasimama yenyewe. Mawakili wa Serikali unaowaona mikoani na wilayani wanafanya kazi kwa niaba yake.

Zamani haikuwa hivyo. Wanaokumbuka mahakama za wilaya za miaka ya nyuma watakumbuka mkaguzi wa polisi mwenye nyota begani akisimama kuendesha mashtaka ya jalada lililopelelezwa na wenzake wa chumba cha pili. Aliyepika mwenyewe ni nadra kusema chumvi imezidi. Ndiyo maana ikaamuliwa kwamba anayekamata na kupeleleza awe mmoja, na anayepima kama kilichopatikana kinafaa kupelekwa mahakamani awe mwingine. Hata TAKUKURU, wakishamaliza kupeleleza rushwa, kwa makosa mengi wanasubiri kibali cha DPP.

Katiba haikumwachia DPP apime kwa hisia zake. Imemtaka awe huru, asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote, na imempa mambo matatu ya kuzingatia: nia ya kutenda haki, kuzuia taratibu za utoaji haki zisitumiwe vibaya, na maslahi ya umma. Maneno mazuri. Lakini maneno ya Katiba yako juu sana, na jalada liko mezani, lina vumbi na alama za vidole. Basi tushuke mezani.

Mfano huu nautunga mwenyewe, msikilizaji, usimtafute mtu ndani yake. Dereva wa bodaboda kapakia abiria wawili saa tatu usiku. Njiani wakamwambia asimame. Mmoja akatoa panga, akamkata mkono wa kushoto, wakaondoka na pikipiki. Siku ya nne polisi wanamkuta kijana mmoja wilaya ya jirani na pikipiki ambayo namba yake ya usajili imebanduliwa. Mtaa mzima unasema ni yeye: "Yule tunamjua tangu anaiba kuku." Jalada linafungwa kamba, linapelekwa kwa wakili wa Serikali.

Wakili analifungua na kuanza na taa. Ndiyo, taa. Maana dereva ameandikiwa hivi kwenye maelezo yake: "Nilimtambua kwa msaada wa mwanga wa taa." Taa ipi? Ya pikipiki inamulika mbele, na abiria walikuwa nyuma. Ya dukani? Duka liko umbali gani? Alimtazama kwa muda gani kabla panga halijatoka? Alikuwa anamfahamu, au alimwona usiku ule kwa mara ya kwanza? Wakili hajiulizi haya kwa ubishi. Tangu hukumu moja ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1980, ambayo hakuna wakili wa jinai nchini asiyeijua, imewekwa wazi kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na mahakama isiutegemee mpaka iridhike kwamba hapakuwa na nafasi ya kumfananisha. Muda, umbali, mwanga, kufahamiana. Jalada lisilojibu hayo litajibishwa mahakamani na wakili wa utetezi, na huko halitakuwa na pa kujificha.

Anafunua ukurasa. Dereva alimtaja nani, na kwa nani, mara ya kwanza? Kama alipofika kituoni usiku uleule alisema "ni fulani, ana kovu shavuni", neno hilo lina uzito. Kama jina la kijana limejitokeza baada ya pikipiki kupatikana, mahakama itauliza: alikuwa amelisahau?

Anafunua tena. Fomu ya PF3 imejazwa na daktari, jeraha ni la kitu chenye makali. Vizuri. Hati ya kukamata mali: pikipiki ilikamatwa mbele ya nani? Mwenyekiti wa mtaa aliitwa, akasaini? Namba ya chasisi inalingana na kadi ya dereva? Na tangu siku ile pikipiki imelala wapi, nani alimkabidhi nani, kwa karatasi gani? Kielelezo kikitoka mkono mmoja kwenda mwingine bila maandishi, mnyororo umekatika.

Anafika kwenye maelezo ya onyo, pale kijana anapodaiwa kukiri. Anatazama saa. Kakamatwa saa mbili asubuhi, maelezo yameanza kuandikwa saa kumi jioni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za kumhoji mtu tangu akamatwe, na zikihitajika zaidi, ziongezwe kwa utaratibu. Hapa zimepita nane, na karatasi ya kuongeza muda haimo. Wakili anachora mstari pembeni kwa kalamu nyekundu. Ungamo hilo linaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu za mahakama kana kwamba halikuwahi kuandikwa.

Umeona, msikilizaji? Mpaka sasa wakili hajajiuliza hata mara moja, "Huyu kijana ni mwizi?" Mtaa ulishalijibu hilo. Yeye anajiuliza kama hakimu asiyemjua kijana, asiyeijua bodaboda wala historia ya kuku, atashawishika bila kubakiwa na shaka yenye msingi. Sisi mitaani tuna msemo wetu, lisemwalo lipo. Mahakama haikatai kwamba lipo. Inachouliza ni nani analisema, na aliliona kwa macho yake au aliambiwa.

Kwa hiyo wakili wetu afanye nini? Njia ziko kadhaa. Anaweza kulirudisha jalada kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya na maelekezo: andikeni maelezo ya mwenye duka kuhusu taa, fanyeni gwaride la utambuzi kama dereva hakuwa akimfahamu mtuhumiwa, leteni kadi ya pikipiki. Anaweza kuona kwamba macho ya usiku hayatasimama, lakini pikipiki itasimama. Maana mtu akikutwa na mali iliyoibwa siku chache tu zilizopita, mali ikatambuliwa pasipo shaka kuwa ni ya mlalamikaji, na yeye asiwe na maelezo ya maana ameipataje, sheria inaruhusu mahakama imhesabu kuwa ndiye mwizi. Lakini kama kijana ana mtu aliyemuuzia na mashahidi wa mauziano, huenda kosa linalobaki ni kupokea mali ya wizi, basi.

Hapo ndipo lilipo lile jambo la pili, la kosa gani, na naomba tulikalie, maana lina miiba.

Unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo chake hakipungui miaka 30. Tena ni miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana. Kupokea mali ya wizi kuna dhamana. Kijana ni yuleyule, pikipiki ni ileile, usiku ni uleule. Wakili akiandika maneno haya kwenye hati ya mashtaka, kijana analala kwao akisubiri kesi. Akiandika yale, analala gerezani akisubiri kesi hiyohiyo. Na hati yenyewe ina masharti yake. Kesi za unyang'anyi zimewahi kuanguka hata kwenye rufaa kwa sababu hati haikutaja ni nani aliyetishiwa kwa silaha. Ukiandika kubwa usiloweza kulithibitisha, unaweza kulikosa hata dogo ulilokuwa nalo mkononi.

Sasa tuseme ushahidi umetimia. Je, kila ushahidi uliotimia lazima uende mahakamani? Hapana. Hapo ndipo inapokuja ile mizani ya maslahi ya umma. Chukua mjomba na mpwa wake. Wamegombea mpaka wa shamba, mjomba kamtandika mpwa fimbo mbili mgongoni mbele ya watu kumi. Ushahidi upo tele. Lakini wiki iliyofuata wazee wamekaa, mpaka umepimwa, mbuzi kachinjwa, wamekula sahani moja. Sheria yenyewe inahimiza usuluhishi kwa makosa madogo ya namna hiyo. Ukimburuza mjomba mahakamani umefungua upya kidonda kilichoanza kufunga, na hakuna aliyepona. Wakili anayelifunga jalada hilo ametumia mamlaka yake vizuri, hajamwogopa mtu.

Lakini ngoja. Chukua na jalada jingine. Binti wa miaka kumi na tatu, jirani mtu mzima. Nalo lina barua ya wazee: "Tumemalizana nyumbani." Ng'ombe wametolewa, baba kasaini kwa dole gumba. Ukiziweka barua hizi mbili pamoja, zinafanana mpaka karatasi. Wakili akizisoma sawa, ameiharibu kazi. Kosa la pili halina mwenyewe wa kulisamehe pale kijijini. Ndiyo maana kwenye hati ya mashtaka upande unaoshtaki huandikwa Jamhuri. Baba hawezi kulisamehe kwa niaba ya Jamhuri, na ng'ombe hawajalipwa kwa yule binti.

Na hapa wakili anakutana na mtihani mgumu kuliko ule wa taa. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2006 kwamba katika makosa ya kujamiiana ushahidi bora kabisa ni wa mwathirika mwenyewe. Wanaomalizana nyumbani wanalijua hilo bila kusoma hukumu. Binti hupelekwa kwa shangazi mkoa mwingine. Tarehe ya kusikilizwa ikifika, shahidi haonekani. Jalada lililokuwa zito linakuwa jepesi mikononi. Kwa hiyo kuamua kushtaki pale maana yake ni kuamua pia kumtafuta shahidi, kumlinda, na kuiharakisha kesi kabla ng'ombe hawajamaliza kazi yao. Mwendesha mashtaka anayesaini hati kisha akakaa kusubiri, kwangu mimi ameshtaki nusu.

Mpaka hapo nimezungumza kama mtu anayesifia ufundi. Sasa nirudi kwa yule mama na kapu lake, kwa sababu ufundi huo unakwenda upande usiofaa pale jambo la tatu, la lini, linapochezewa.

Kama nilivyosema, yapo makosa ambayo mtu akishashtakiwa nayo hapati dhamana: mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa silaha, utakatishaji wa fedha, na mengineyo. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliwahi kusema kifungu cha sheria kinachozuia dhamana hiyo kinakwenda kinyume na Katiba, kwa kuwa kinamnyima hakimu nafasi ya kupima. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki. Maana yake ni kwamba kwa makosa hayo, siku ya kushtakiwa ndiyo siku ya kufungwa. Hakimu hana la kusema. Kalamu ya mwendesha mashtaka imeshamaliza.

Mifano iko hadharani. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019. Kwenye mashtaka yake ulikuwamo utakatishaji wa fedha, na utakatishaji hauna dhamana. Alitoka Februari 2020, baada ya kuingia makubaliano na DPP na kutozwa mamilioni. Masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walikaa mahabusu kwa tuhuma za ugaidi zaidi ya miaka sita, mpaka Juni 2021 DPP alipofuta mashtaka wakarudi makwao. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha CHADEMA, alikamatwa Julai 2021, akashtakiwa kwa ugaidi. Tarehe 18 Februari 2022 Mahakama Kuu ikasema yeye na wenzake watatu wana kesi ya kujibu. Wiki mbili baadaye, tarehe 4 Machi, upande wa Jamhuri ukasimama na kusema hauna nia ya kuendelea. Kesi ikaisha siku hiyohiyo.

Mamlaka hayo ya kufuta yapo kisheria. DPP anaweza kuiondoa kesi wakati wowote kabla ya hukumu, na mahakama haina budi kukubali. Halazimiki kueleza kwa nini. Na kufutiwa mashtaka si sawa na kuonekana huna hatia. Mlango wa kushtakiwa tena kwa tukio lilelile haujafungwa kwa kufuli.

Sisemi DPP asifute. La hasha. Afadhali kesi iliyofutwa kwa kuchelewa kuliko mtu asiye na hatia kufungwa kwa wakati. Ninachouliza ni kimoja: ule udhaifu uliomfanya afute leo, alianza kuujua lini? Kama shahidi alikufa jana, tumeelewa. Kama mkemia alileta majibu wiki iliyopita, tumeelewa. Lakini kama jalada lilikuwa vile tangu siku ya kwanza, basi miezi yote ile mtu alikuwa anatumikia kifungo ambacho hakuna hakimu aliyekitoa, na siku ya kutoka hakuna hundi inayomsubiri getini.

Na kuna kishawishi kingine hapo. Septemba 2019, Rais Magufuli alitoa siku saba kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa tayari kukiri na kurudisha fedha. Wiki ilipokwisha, DPP wa wakati huo, Biswalo Mganga, alipeleka Ikulu hesabu ya watu 467 waliokuwa tayari kurejesha shilingi bilioni 107.8, na muda ukaongezwa. Sheria ya makubaliano ya kukiri kosa ilikuwa imepitishwa mwaka uleule, na si sheria mbaya. Inaokoa muda, inarudisha mali ya umma. Lakini jiweke wewe, msikilizaji, kwenye godoro la mahabusu, huna dhamana, kesi yako inatajwa mwaka wa pili. Mtu anakuja anakwambia: kiri, lipa, nenda nyumbani ukale na watoto. Utapima ushahidi, au utapima usiku? Mwenye hatia na asiye na hatia wote watasaini karatasi ileile. Makubaliano yana maana pale tu ambapo aliyekataa angeweza kusikilizwa upesi.

Majirani zetu Kenya wamejaribu kuufunga mlango huu wa kushtaki na kufuta bila kuulizwa, kwa namna mbili. Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 157, inasema Mkurugenzi wa Mashtaka haondoi kesi bila ruhusa ya mahakama. Mwendesha mashtaka anataka kuondoka, sawa, ila kwanza aage. Na ofisi yake ilitoa mwongozo wa uamuzi wa kushtaki wa mwaka 2019, wenye mizani mbili tulizozipitia hapa: ushahidi unatosha kiasi cha kutarajia mtu kutiwa hatiani, na maslahi ya umma yanataka ashtakiwe. Sisemi Kenya wamefika. Kesi kubwa za rushwa zimeondolewa huko pia, na watu wamelalamika sana. Tofauti ni kwamba kule kuna mtu wa kumuuliza mwendesha mashtaka "kwa nini?" na akalazimika kujibu mbele ya hadhara.

Nasi hatukukaa bure. Mwaka 2022 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilirekebishwa, ikaelekezwa kwamba mashtaka yasifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Niliposoma kifungu hicho nilicheka peke yangu. Kilikuwa swali la yule mama, limevaa suti. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka nchi ikisikiliza watu, ikakabidhi ripoti yake kwa Rais mwezi Julai.

Lakini kifungu hicho cha 2022 kiliacha tundu. Makosa makubwa hayamo. Na mengi ya makosa hayo makubwa ndiyo hayahaya yasiyo na dhamana. Yaani pale ambapo kosa lina dhamana na mtu angeweza kusubiri kwake, tumesema wakamilishe kwanza. Pale ambapo atasubiri gerezani, tumesema wanaweza kukamilisha baadaye. Sababu yake inaeleweka, mshukiwa wa mauaji hawezi kuachwa atembee huku wapelelezi wakichukua vipimo. Basi angalau mwendesha mashtaka apangiwe muda: ukimweka mtu ndani kwa jalada ambalo halijaiva, uambiwe ni lini utalileta likiwa limeiva au umfungulie mlango.

Nimalizie na upande wetu, msikilizaji, kwa sababu jalada halianzi kwa DPP. Linaanza kwenye kaunta ya kituo cha polisi, kwa maneno yako. Ukiibiwa, sema usiku uleule ulimwona nani, kwa mwanga upi, akiwa umbali gani. Kama hukumtambua, sema hukumtambua. Kadi ya chombo chako itunze. Soma maelezo yako kabla hujasaini, au omba usomewe. Ukiitwa kushuhudia upekuzi, nenda, usijifiche nyuma ya pazia. Halafu tarehe ya kesi ikifika, fika. Kesi nyingi tunazosema "zimeuzwa" ziliharibikia kwetu, kwa shahidi aliyeona ni heri asijulikane.

Na siku utakaposikia kwenye taarifa ya habari kwamba DPP amefuta kesi fulani, usikimbilie kushangilia wala kulaani. Uliza kwanza: ushahidi uliharibika lini, na yeye alijua lini?

Yule mama sikumwona tena. Tarehe iliyotajwa nilikuwa nimepangiwa kazi nyingine, na jina la mwanawe sikuwa nimeliandika. Niliandika tu maneno ya wakili, kwa sababu ndiyo yaliyosemwa ndani ya ukumbi. Lake lilisemwa nje kwenye benchi, na benchi halina karani.